Bei ya Motokaa Ndogo, na Mapenzi ya Watu kwa Jina Moja

Katika vijiji vyetu motokaa ndogo si ajabu tena. Utaiona nyumbani kwa mwalimu, kwa mganga wa zahanati, kwa mwenye duka la mbolea, na kwa mchungaji. Na siku ya Jumapili tatu au nne huegeshwa chini ya mwembe wa kanisa, na watoto huandika majina yao kwa kidole juu ya vumbi la vioo. Zinatofautiana kwa rangi na kwa umri, lakini alama iliyo mbele ni moja. Ama ni Vitz, ama IST, ama Passo, na zote ni za jina la Toyota. Ukimwuliza mwenyewe kwa nini hakununua Nissan March, au Mazda Demio, au Honda Fit, au Suzuki Swift, ambazo ni ndogo vile vile na aghalabu bei yake ni pungufu, atakutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hapandi ngano pwani.

Wako wasomi wa mjini wayachekao mapenzi haya, wakisema ya kuwa watu wa shamba hufuatana kama kondoo. Sisi hatukubaliani nao. Twaona ya kuwa mapenzi haya yana akili nyingi kuliko wadhanivyo wanaoyacheka. Lakini yana gharama pia, na tangu mwaka 2020 gharama hiyo imekua hata kumpasa kila mtu atakaye kununua aipime kwanza, kama yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara.

Tuanze na akili iliyomo. Mtu anunuapo motokaa hanunui chuma kile peke yake. Hununua pamoja nacho fundi atakayeitengeneza, na duka litakalomwuzia vipuri, na mtu atakayeinunua kwake siku atakapotaka kuiuza. Mambo haya matatu hayaandikwi katika karatasi ya bei, lakini ndiyo yaamuayo kama motokaa itakuwa msaada au mzigo.

Chukua injini ile mafundi waiitayo 1NZ, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 1,500. Toyota waliitia katika IST, na katika Vitz za aina fulani, na katika Probox zichukuazo mizigo ya sokoni, na katika Raum, na Porte, na Corolla. Basi fundi aliyeifungua mara moja chini ya mti wake amejifunza motokaa sita kwa somo moja. Na mwenye duka akiweka rafuni pampu ya maji na plagi za injini hiyo, ana wateja wa motokaa sita. Kwa sababu hiyo huthubutu kuziweka, hata katika mji mdogo wenye maduka matatu tu ya vipuri. Hawezi kuthubutu hivyo kwa motokaa ambayo wilaya nzima inazo mbili. Fedha yake italala rafuni mpaka ipate kutu.

Tena kuna habari ya giaboksi. IST za kwanza, zilizotengenezwa tangu 2002 hata 2007, zilikuwa na giaboksi ya kujibadilisha ya namna ya zamani, yenye gia nne. Giaboksi hii ni mvumilivu. Huchukuliana na makosa mengi ya watu. Motokaa nyingine ndogo za miaka ile zilikwisha kuanza kutiwa giaboksi iitwayo CVT, ambayo haina gia za kuhesabika, bali ina mkanda wa chuma uendao kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Hii huokoa petroli, lakini hutaka mafuta yake yenyewe na si mengine. Fundi asiyejua hutia mafuta mekundu aliyozoea, mkanda huanza kuteleza, na baada ya miezi michache motokaa hunguruma bila kupanda mlima. Ndipo watu husema, Nissan ni mbaya, au Honda ni mbaya. Kumbe ubaya ulitoka katika kopo la mafuta. Toyota nao walitia CVT katika Vitz nyingi za tangu 2005, na zilizotiwa mafuta mabaya zilikufa vile vile. Ila kwa kuwa Toyota ni nyingi, kifo cha moja hakikuwa habari.

Mwalimu mmoja jirani yetu alinunua motokaa ndogo ya kiwanda kingine. Hatukitaji kiwanda hicho, kwa maana kosa halikuwa lake. Alifurahi sana kwa sababu alipata motokaa iliyo mpya kuliko zetu kwa fedha chache kuliko zetu. Mwaka wa pili bomba la maji ya kupozea injini likapasuka, kitu kidogo tu cha plastiki, kisichozidi kiganja. Hapa kijijini halikuwako. Mjini halikuwako. Dalali mmoja wa Dar es Salaam akapokea fedha kwa simu, akatuma bomba la motokaa nyingine. Likarudishwa, na lile la kweli likafika baada ya majuma matano. Siku zote hizo mwalimu alipanda bodaboda kwenda shuleni, na motokaa yake ikawa kiota cha kuku. Watu waliopita njiani hawakuuliza habari za bomba. Walitazama alama iliyo mbele, wakatikisa kichwa, na neno likaenea tarafa nzima. Hivi ndivyo jina la kitu linavyojengwa na linavyobomolewa katika nchi yetu. Matangazo ya magazetini hayana nguvu kama kuku yule aliyetaga juu ya kiti cha nyuma.

Lakini vijana wasidhani ya kuwa mapenzi haya ya Toyota ni ya tangu kale. Wazee wetu walikuwa na mapenzi mengine. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na matope tuyajuayo. Watu walisimama kando ya barabara kutazama ni motokaa ipi itakayotoka katika matope, wakakumbuka. Mwaka 1962 Volkswagen, ile yenye mgongo kama kobe, ilishinda. Mwaka 1963 Peugeot 404 ikashinda, kisha ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Na baada yake Peugeot 504 zenye viti vya safu tatu zikawa ndizo zichukuazo abiria wa safari ndefu huko Kenya, hata watu wakaita kila motokaa ya abiria Peugeot. Kisha wakaja Wajapani. Datsun ilishinda 1970, 1971 na 1973, na tangu 1979 hata 1982 Shekhar Mehta wa Kenya akashinda nayo miaka minne mfululizo. Datsun ndiyo Nissan ya leo, ile ile isemwayo sasa ya kuwa haiwezi njia zetu! Toyota Celica walianza kushinda mwaka 1984 tu, wakashinda na 1985 na 1986.

Twayakumbusha haya kwa sababu yanaonyesha ya kuwa sifa ya kiwanda si sifa ya milele. Volkswagen na Peugeot hazikuondoka njiani kwetu kwa kuwa ziliharibika kuliko nyingine. Ziliondoka kwa kuwa kuanzia miaka ya 1990 bandari za Dar es Salaam na Mombasa zilipokea motokaa zilizotumika za kutoka Japani kwa wingi, na huko Japani watu huendesha upande wa kushoto wa njia kama sisi, na usukani uko kuume. Sheria za kwao huitaka motokaa ichunguzwe baada ya miaka mitatu tangu kununuliwa mpya, na baada ya hapo kila miaka miwili, na uchunguzi huo una gharama kubwa. Kwa hiyo Mjapani huona afadhali auze motokaa yake ingali nzima. Huipeleka mnadani, hupimwa, huandikiwa karatasi ya alama kama mtoto wa shule, na mtu wa Mwanza au wa Nakuru huinunua bila kuiona kwa macho. Na kwa kuwa Toyota ndicho kiwanda kikubwa kupita vyote huko, Toyota ndizo zilizokuwa nyingi mnadani, na zilizokuja nyingi ndizo zilizopata mafundi. Basi jina lilikua kwa njia ya wingi, na wingi ukaleta vipuri, na vipuri vikaleta sifa.

Sasa tuje katika bei.

Kwa muda wa miaka mingi motokaa hizi ndogo zilikuwa kitu ambacho mwalimu mwenye mkopo wa chama cha akiba aliweza kukifikia. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga viwanda na kuvuruga safari za meli. Mwaka 2021 vikapungua vipande vidogo vya umeme ambavyo motokaa za siku hizi haziwezi kutengenezwa pasipo navyo, na viwanda vya Japani vikapunguza kazi. Mjapani aliyengoja motokaa mpya kwa miezi mingi hakuiuza ya zamani. Basi minada ikapata motokaa chache, na wanunuzi walikuwa wale wale, na nauli ya meli imepanda. Mtu angedhani ya kuwa tungepata nafuu fedha ya Japani iliposhuka, maana mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu yeni 110, na ilipofika Oktoba 2022 ilikuwa karibu 150. Nafuu hiyo ililiwa kabla haijatufikia. Warusi, baada ya vita vya Ukraini kuanza mwaka 2022 na viwanda vya kigeni kuondoka kwao, walizigeukia motokaa zilizotumika za Japani. Kisha mwezi wa Agosti 2023 serikali ya Japani ikakataza kupeleka Urusi motokaa zenye injini iliyozidi sentimita za ujazo 1,900. Wanunuzi wa Urusi waliobaki wakaziendea zilizo ndogo, yaani zile zile azitakazo mwalimu wa Njombe na mkulima wa Meru. Mambo ya vita vya mbali yamekuja kusimama mlangoni petu kwa sura ya Vitz.

Shilingi zetu nazo zikadhoofika. Ya Kenya ilikuwa kama 113 kwa dola mwanzo wa mwaka 2022, na Januari 2024 ilifika karibu 160, ndipo ikapata nguvu tena katika mwaka huo. Ya Tanzania haikuanguka kwa kishindo, lakini mwaka 2023 dola zenyewe zilikuwa adimu hata mwenye shilingi mkononi alizungushwa benki siku nyingi.

Juu ya hayo kuna ushuru. Wengi hulipa pasipo kujua unavyohesabiwa, nasi twaona yafaa tuonyeshe. Kenya, tangu Julai 2023, ushuru wa forodha wa motokaa ulipandishwa kutoka 25 hata 35 katika mia. Tuseme motokaa imehesabiwa forodhani kuwa na thamani ya shilingi 1,000,000 za Kenya. Ushuru wa forodha ni 350,000, jumla 1,350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ndogo ni 20 katika mia, lakini hautozwi juu ya ile milioni moja, bali juu ya 1,350,000. Nao ni 270,000. Jumla 1,620,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, 16 katika mia, hutozwa juu ya hiyo yote, nayo ni 259,200. Sasa imefika 1,879,200, na bado ada nyingine ndogo ndogo za bandarini. Kwa hesabu ya kabla ya Julai 2023 ingefika 1,740,000. Basi nyongeza iliyosemwa kuwa ni 10 katika mia ya thamani haikuzaa 100,000, bali 139,200, kwa sababu kodi moja hupanda mgongoni mwa nyingine. Tanzania hufuata njia hiyo hiyo ya kutoza juu ya kilichokwisha kutozwa, ingawa viwango ni vingine, na motokaa ikipita umri wa miaka minane huongezewa ushuru wa uzee, na ikipita kumi huongezewa zaidi.

Hapa ndipo mapenzi yetu kwa jina moja yaingiapo katika bei. IST ilikoma kutengenezwa mwaka 2016. Hakuna hata moja iliyozaliwa baada ya hapo. Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyopita miaka minane, kwa hiyo tangu 2024 mlango wa IST umefungwa huko kwa sheria. Tanzania mlango ungali wazi, nao watu wangali wakizitafuta, hata zile za mwaka 2004 na 2005, ambazo ni sawa kwa umri na vijana wanaomaliza chuo. Kila mwaka zilizobaki Japani hupungua, kwa ajali, kwa kutu ya chumvi imwagwayo katika barabara za theluji, na kwa kununuliwa na sisi wenyewe. Wanunuzi hawapungui. Ni kisima kisichopata mvua, na kijiji kizima kinashindana kuteka. Dalali wa mjini ajua haya yote. Huja na IST iliyopakwa rangi juzi, akataja bei ambayo kwayo ungepata motokaa nyingine iliyo mpya kwa miaka mitano, na watu wakaipigania. Kizuri chajiuza, wasema wahenga; lakini tumeona pia ya kuwa kinachojiuza hujipandishia bei chenyewe.

Kuna gharama nyingine ya kupendwa, ambayo wanunuzi hawaihesabu. Kitu kipendwacho na wengi hupendwa na wezi pia. Dar es Salaam na Nairobi watu huchora namba ya motokaa juu ya vioo vya pembeni na vya madirisha, kwa kuwa kioo cha motokaa ya kila mtu kina mnunuzi kila mtaa. Na watengenezaji wa vipuri vya uongo hawahangaiki kughushi kipuri cha motokaa ambayo hakuna aliye nayo. Boksi ni lile lile, maandishi ni yale yale, lakini pedi za breki zilizomo ndani huisha kabla ya Pasaka kufika. Basi ule wingi wa vipuri tuliousifu hapo juu una makapi mengi ndani yake, nasi hupepeta kwa kulipa mara mbili.

Na jina lenyewe? Tuseme kweli juu ya jambo hili, maana wengi hawalijui. Passo, iliyoanza mwaka 2004 na kukoma 2023, haikutengenezwa na Toyota, bali na Daihatsu, nao wakaiuza kwa jina lao pia wakiiita Boon. Kadhalika injini ndogo ya sentimita za ujazo 1,000 iliyomo katika Vitz nyingi za tangu 2005 ni kazi ya Daihatsu. Wako watu tuwajuao waliokataa Boon kwa dharau na kununua Passo, na hizo mbili ni mapacha wa tumbo moja waliovikwa kofia mbili. Tangu 2016 Daihatsu imekuwa mali ya Toyota kabisa. Mwezi wa Desemba 2023 Daihatsu walikiri ya kuwa walifanya udanganyifu katika majaribio ya usalama. Aina 64 za motokaa zilitajwa, na miongoni mwao zilikuwamo zilizouzwa kwa jina la Toyota, hata wakasimamisha kwa muda kazi ya kupeleka motokaa zao kwa wanunuzi. Ile Starlet mpya iliyoanza kuuzwa Afrika ya Kusini mwaka 2020, yenye jina la Starlet ya zamani ambayo wazee wetu waliipenda sana, ni Suzuki Baleno ya kutoka India iliyobadilishwa alama. Vitz iliyoanza kuuzwa huko mwaka 2023 ni Suzuki Celerio. Hatusemi ya kuwa ni motokaa mbaya. Suzuki wamejua kutengeneza motokaa ndogo tangu zamani, na pengine wanajua kuliko Toyota. Lakini mtu aliyeapa ya kuwa hatapanda Suzuki maisha yake yote aweza kuwa amepanda, naye amelipa zaidi kwa ajili ya alama.

Basi mtu afanyeje? Twaona swali la kwanza si motokaa gani, bali utaiuza lini. Zingatia hesabu hii, ambayo ni mfano tu. Tuseme Toyota iliyo sawa kwa umri na kwa hali imezidi motokaa nyingine kwa shilingi 3,000,000 za Tanzania. Mwenye fedha taslimu, aliyekusudia kuiuza baada ya miaka minne, hajapoteza milioni hizo tatu. Ameziweka ndani ya motokaa, na siku ya kuuza atarudishiwa sehemu kubwa, kwa kuwa mnunuzi ajaye naye atapenda jina lile. Kwake yeye Toyota ni akiba yenye magurudumu. Lakini mwalimu aliyekopa, je? Kama mkopeshaji atoza 12 katika mia kila mwaka juu ya mkopo wote, kama wafanyavyo wengine, zile 3,000,000 za nyongeza zitazaa riba ya 1,440,000 katika miaka minne. Na kama amekusudia kukaa na motokaa hiyo mpaka ife, kama tufanyavyo wengi wetu shambani, basi hakuna siku ya kurudishiwa. Amelipia mnunuzi ambaye hatakuja kamwe. Tena amelipia kwa mshahara ambao sheria haimruhusu abakiwe na chini ya theluthi yake, na katika theluthi hiyo kuna karo, na sadaka, na unga, na petroli, ambayo mwaka 2022 ilipita shilingi 3,000 kwa lita. Tumeziona motokaa nzuri zilizosimama uani tangu tarehe 10 mpaka mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo mtu wa namna hii, akaaye na motokaa mpaka mwisho, haimpasi kulipia jina. Imempasa kulipia fundi. Na fundi ni mtu mwenye jina lake na mahali pake, si alama. Kabla ya kutoa hata senti, na aende kwa fundi atakayemtumikia, amwulize: motokaa hii umekwisha kuifungua? Mafuta ya giaboksi yake ni yapi, na yanauzwa wapi? Fundi mkweli atasema sijui, ikiwa hajui. Na aende katika maduka matatu ya vipuri akiwa na orodha ya vitu vichache, bomba za maji, pedi za breki, bushi za mbele, shokomzoba, aandike bei na siku za kungoja. Kazi hii huchukua asubuhi moja. Wengi wetu tumetumia muda mrefu kuliko huo tukichagua mbuzi.

Na aidai karatasi ya mnada, ile yenye alama, wala asiridhike na maneno ya dalali ya kuwa imepotea. Saa ya kilometa huweza kurudishwa nyuma kwa mkono wa binadamu, lakini karatasi ya mnada iliandikwa kabla motokaa haijapanda meli. Motokaa yenye alama nzuri na jina lisilopendwa hushinda motokaa yenye jina lipendwalo iliyogongwa ikanyooshwa. Hili halina mabishano, ingawa twajua litabishaniwa.

Pale njia panda, karibu na mashine ya kusaga, yuko fundi aliyekuwa akikataa kila motokaa isiyo Toyota. Alikuwa akisema hana muda wa kujifunza chuma cha mtu mwingine. Mwaka jana mjakazi wa kanisa, mama mjane aliyepata fedha ya mirathi, alimletea Demio, akakataa kuondoka. Akakaa juu ya tairi kuukuu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, fundi akafungua. Akakuta ndani yake hakuna cha ajabu: plagi ni plagi, breki ni breki. Alimwuliza kijana wa mjini kwa simu habari ya mafuta, akaandika jibu kwa chaki juu ya mlango wa karakana. Maandishi yale yangali pale. Mwezi uliopita tulipopita tukaona Demio mbili zimeegeshwa mbele yake, na mwenye duka la vipuri jirani yake alikuwa akisimamisha rafu mpya.